Mkono wa Fundi Usifutwe

Imezuka baina ya wapenzi wa muziki wa kale, na hata baina ya baadhi ya wenzetu wa vyuoni, rai moja ambayo nakusudia kuipinga katika kurasa hizi. Yasema rai hiyo kwamba chombo cha kale kikifanyiwa ukarabati sharti kirudishwe katika hali kilivyotoka kiwandani. Kwamba kila kilichoongezwa na mikono ya baadaye ni uchafu. Na kwamba fundi bora ni yule auondoaye uchafu huo mpaka kisisalie kitu ila kile alichokikusudia mwundaji wa kwanza. Watu huisema rai hii juu ya majumba ya mawe, juu ya majahazi na juu ya miswada. Mimi nitaizungumza juu ya kitu ambacho msomaji wa jarida la fasihi yamkini hakukitazamia: kikuza sauti cha gitaa, au amplifaya kama wasemavyo wanamuziki wenyewe, cha vali, cha zama zile ambazo mji wa Morogoro ulipigiwa mfano kwa bendi zake za dansi.

Najua nitaulizwa haya yana uhusiano gani na Kiswahili. Swali hilo nimekwisha kuulizwa mara kadha wa kadha, tena kwa tabasamu. Nalijibu hivi. Kwa miaka mingi sasa idara zetu zimekubali kwamba nyimbo za dansi ni fasihi. Wanafunzi huandika tasnifu juu ya nyimbo za Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na za Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga gitaa la solo katika Morogoro Jazz, akasafiri na bendi hiyo mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano, na kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Ni jambo jema. Lakini jinsi tunavyozisoma nyimbo hizo ni kana kwamba ziliandikwa kwa wino zikasomwa kimya chini ya taa. Twanukuu beti, twahesabu mizani, twatafuta sitiari, kisha twafunga kitabu. Gitaa lililojibizana na mwimbaji halimo. Na kile chombo cha mbao na chuma kilichoufanya uzi mwembamba wa gitaa usikike juu ya ngoma, saksafoni na miguu ya wachezaji hakitajwi hata katika tanbihi. Mtafiti wa tenzi hathubutu kusema kwamba karatasi na mwandiko wa mnakili havimhusu. Mtafiti wa wimbo wa dansi athubutu vipi?

Hadi katikati ya miaka ya sitini kikuza sauti cha gitaa kilikuwa, karibu popote duniani, chombo cha vali. Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kathodi ambayo ikipashwa moto hutoa elektroni; mna anodi yenye volti nyingi inayozivuta; na baina ya hizo mna gridi, wavu mwembamba unaozizuia au kuziachia. Mtikisiko dhaifu utokao katika gitaa hupelekwa kwenye gridi, nao huutawala mkondo mkubwa upitao kutoka kathodi hadi anodi, mfano wa mtoto afunguaye na kuziba mfereji wa maji katika mashamba ya Mgeta: nguvu zake ni haba, lakini maji yanayomtii ni mengi. Lee de Forest wa Marekani aliitia gridi ndani ya chupa hiyo mwaka 1906. Transista, iliyobuniwa katika maabara ya Bell mwaka 1947, ikaja kufanya kazi ile ile bila kioo wala joto, na taratibu ikaisukuma vali kando katika redio na katika kila kitu kingine. Wapiga gitaa ndio waliokataa kuiacha, wala sababu yao si kuabudu ukale. Vali ikielemewa haiikati sauti kwa ghafla. Huibana kidogo kidogo na kuitia mkwaruzo wenye utamu, hata uzito wa kidole cha mpigaji husikika ndani yake. Kwa chombo cha namna hiyo, mpigaji hapigi gitaa peke yake. Apiga gitaa na kikuza sauti pamoja.

Chombo ninachokitolea ushahidi ni cha Uingereza, cha namna ya Vox AC30 iliyoanza kuundwa na kampuni ya Jennings huko Dartford, Kent, mwishoni mwa miaka ya hamsini: wati 30 hivi, vali 4 za EL84 mwishoni, vali ya GZ34 ya kunyoosha mkondo geu, na spika 2 za inchi 12. Kilikaa miaka mingi katika stoo ya nyumba moja iliyo chini ya milima ya Uluguru, upande wa Bigwa. Aliyekirithi alimkabidhi fundi mmoja wa redio mjini, mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi, nami nikapata ruhusa ya kukaa karibu naye siku zote za kazi nikiwa na daftari. Juu ya kasha lake sina mengi ya kusema. Unyevu wa Uluguru wajulikana: milima ile hukinga mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, na kitu cha mbao na gundi kikiachwa hapo bila hewa, gundi huachia na karatasi ya spika hulainika. Mchwa walikuwa wamekwisha kula ubao wa chini. Seremala alitaka kuunda kasha jipya la mninga, mbao nzuri mno, ambayo ingemvunja mgongo kila abebaye. Akashauriwa atie ubao wa chini tu, na akafanya hivyo.

Mambo makubwa yalikuwa ndani. Mzee alipoifungua fremu ya chuma alinyamaza kitambo, kisha akaanza kuisoma. Natumia neno kusoma kwa makusudi. Alinionyesha kwanza mkono wa kiwanda: waya umezungushwa kwenye kikonyo chake kabla ya kulehemiwa, na lehemu yenyewe ni ndogo, imetulia. Halafu akanionyesha mkono wa pili, wenye madonge makubwa ya lehemu yaliyopooza kabla ya kushika. Huyu, alisema, pasi yake ilikuwa ya kupashwa kwa mkaa. Kisha akafika kwa mkono wa tatu, na hapo sauti yake ikabadilika. Mtu huyo alihitaji kapasita ya mikrofaradi 16 yenye kustahimili volti nyingi, asiipate. Alichopata ni kapasita za volti chache, za mikrofaradi 32. Akaziunga mbili kwa mfululizo, maana mbili za 32 zikifuatana huwa 16, na volti zinazostahimiliwa huwa maradufu. Tena akatia kinzani sambamba na kila moja ili volti zigawanyike sawasawa. Hilo la mwisho, alisema mzee, halifanywi na mtu wa kubahatisha.

Mtu huyo huyo, kwa kadiri ya mwandiko wa lehemu yake, ndiye aliyeisuka upya transfoma ya kupelekea sauti kwenye spika. Nayo ni kazi ya kuogofya: maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele, katika matabaka yaliyotenganishwa kwa karatasi, na uzi mmoja ukikatika katikati kazi yote huanza upya. Pembeni mwa transfoma, juu ya karatasi ya kufungia, ameandika kwa penseli MWANZO na MWISHO, na idadi ya mizunguko ya kila tabaka. Twazunguka nchi nzima kutafuta Kiswahili cha sayansi, twaitisha semina na kuunda kamati za istilahi, ilhali hicho hapo, kimeandikwa na mtu asiyejulikana jina, kimekaa gizani karibu na spika.

Kwa nini mikono yote hii? Jibu wanalo wote waliokuwa watu wazima zama zile. Vyombo vya bendi aghalabu havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa vya tajiri, au vya chama, au vya shirika lililoiajiri bendi. Chombo kikiharibika, hapakuwa na dansi, na pasipo dansi hapakuwa na chakula cha kesho. Miaka ya sabini ilipokuwa ikimalizika na ile ya themanini ilipoingia, fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri vikatoweka madukani, na kila kifaa kilichoendelea kulia nchini kiliendelea kwa sababu mtu fulani alikaa usiku na pasi ya kulehemu akafanya kile ambacho kitabu cha kiwanda hakikukitaja.

Ndipo likaja shauri. Mpenzi mmoja wa muziki wa zamani, mtu mwenye uwezo na nia njema, alijitolea kulipia ukarabati wote kwa sharti la uasilia. Kila kilichotiwa Morogoro kiondolewe. Kapasita ziagizwe ng'ambo, za rangi ile ile ya kiwandani. Transfoma iliyosukwa kwa mkono itupwe, iletwe nyingine ya mfano wa Uingereza. Hata kitambaa cha mbele, ambacho mtu alikishona kwa uzi wa gunia, kibanduliwe. Chombo kitoke kama siku kilipopakiwa melini.

Namwuliza yeye, na wote wanaosema kama yeye: huo uasilia ni wa saa ipi? Siku kilipopakiwa melini chombo hicho kilikuwa hakijapiga hata wimbo mmoja wa Kiswahili. Kilikuwa bidhaa, sawa na maelfu ya ndugu zake waliokwenda Hamburg na Sydney. Kilipoanza kuwa kitu cha Morogoro, kilianza pia kuharibika na kutengenezwa, na mambo hayo mawili hayakutengana tena. Sauti waliyocheza watu wa mji huo na wa mashamba ya katani ya Kimamba na Kingolwira, ikiwa ilitoka katika chombo cha namna hii, ilipita katika transfoma kama hii na viungo vya lehemu kama hivi. Kuvifuta ili kupata uasilia ni kutengeneza kitu ambacho hakikuwako Morogoro siku yoyote ila ile ya kufunguliwa kasha lake, na kukiita historia ya Morogoro.

Sisi wa fasihi tungepaswa kulifahamu jambo hili kuliko watu wote. Katika miaka ya sitini J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya tenzi kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Miswada ile imejaa mikono: mnakili aliyebadili neno kwa lahaja yake, mwenye kitabu aliyeandika pambizoni, mjukuu aliyegandisha karatasi iliyochanika. Mhariri anayekwangua yote hayo ili abaki na maneno anayodhani ni ya mtunzi, kisha akatupa makwanguo, hatumwiti mtaalamu. Twamtaka achague, ndiyo, lakini aonyeshe alichokichagua na alichokiacha. Mbona tukihama kutoka karatasi kwenda kwenye chuma twaisahau kanuni hiyo usiku mmoja?

Nisieleweke vibaya. Siabudu kila kilichofanywa na fundi kwa kuwa ni fundi. Katika chombo hiki palikuwa na fyuzi iliyovishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, maana yake ilikuwa si fyuzi tena. Hitilafu yoyote ingeichoma transfoma kubwa, na pengine nyumba. Palikuwa na waya wa nyuzi mbili usio na waya wa ardhi, na mpiga gitaa huyashika madini ya nyuzi zake kwa mkono mmoja huku mdomo wake ukigusa maikrofoni. Vitu hivyo viliondolewa siku ya kwanza, bila huruma wala mjadala. Kapasita za kuunganisha hatua moja na nyingine nazo zilipimwa moja moja, kwa kuwa kapasita hiyo ikivuja hupitisha volti za anodi ya vali iliyotangulia mpaka kwenye gridi ya vali ya mwisho. Vali hiyo hunywa umeme kupita kiasi, anodi yake ikawa nyekundu kama kaa, na mwisho wake ni transfoma. Mbili zilivuja, zikatolewa. Zile kapasita za mfululizo za fundi wa tatu zilikuwa zimekwisha kukauka, kama zinavyokauka zote za aina hiyo baada ya miongo kadhaa, nazo zikapumzishwa. Leo kapasita moja ya mikrofaradi 16 na volti 450 hupatikana, ikatiwa hiyo. Mzee hakukubali zile kuukuu zibaki mahali pake kwa ajili ya kumbukumbu, akisema kwamba kitu kilichokufa kikikaa katikati ya waya hai humpoteza fundi ajaye. Zimo ndani ya bahasha, na mchoro wa namna zilivyoungwa. Transfoma ya mkono ilipimwa, ikawashwa saa nyingi, ikaguswa kwa kiganja, ikaonekana nzima. Haikuguswa tena.

Kipimo basi ni hiki: kinachoweza kumwua mtu au kukiua chombo hutolewa, kinachofanya kazi hukaa, hata kikiwa hakifanani na picha ya kitabuni, na kinachotolewa huandikwa. Kwa kuwa huenda msomaji akashawishika kuifungua fremu ya namna hii, namwonya kwamba kapasita kubwa huhifadhi volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na ni lazima zimwagwe umeme kwa kinzani kabla ya kutia kidole. Mzee hukiwasha chombo kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya kizamani ya wati 100 iliyowekwa kwa mfululizo: kukiwa na hitilafu, balbu ndiyo iwakayo kwa nguvu, na chombo husalimika.

Wako wengine wanaonipinga kutoka upande wa pili, nao sitawapotezea karatasi nyingi. Wafanyabiashara wanaong'oa vyote vya ndani, wakatia bodi ya transista na kuuza kasha kwa jina lake la zamani, hawana hoja, wana bei. Wale wanaotaka chombo kiwekwe kimya ndani ya kioo cha makumbusho, kisiwashwe kamwe ili kisichakae, wana hoja, lakini inapingwa na maumbile ya chombo chenyewe. Kapasita ya elektroliti hutunza utando wake wa ndani kwa kupata volti. Ikinyimwa miaka mingi, utando hudhoofu, nayo huharibika pale pale ilipowekwa ili isiharibike. Karatasi ya spika isiyotikisika hushika unyevu. Chombo cha vali kisichowashwa ndicho kinachochakaa.

Hoja iliyo nzito kweli niliisikia kwa mhadhiri mmoja kijana, na sikuona wengi wakiijibu. Alisema kwamba kuusifu ukarabati wa siku za shida ni kuisifu shida. Kwamba watu wale wangepewa vipuri vya kweli wasingesuka transfoma kwa karatasi ya kufungia. Na kwamba sisi wenye mishahara twapata uzuri katika unyonge wa wenzetu. Naistahi hoja hiyo. Ni kweli wangependa vipuri. Ndiyo maana vipuri vilipopatikana vilitiwa: vali za chombo hiki ni mpya, na leo vali za kupigia muziki hutoka katika viwanda vichache vya Urusi, Slovakia na China. Sisemi fundi wa leo anyimwe kapasita nzuri ili aonyeshe werevu wake. Nasema kwamba werevu aliokwisha kuuonyesha mwenzake usitupwe jalalani. Mtu aliyejua kuunga kapasita kwa mfululizo na kuzisawazishia volti alikuwa na elimu. Alikuwa na fizikia, tena fizikia aliyoitumia kwa hatari ya maisha yake. Tukiing'oa kazi yake tukatia ya Uingereza, kijana atakayekifungua chombo hicho mwaka 2060 ataona ya kwamba elimu yote ilikuja ndani ya kasha, na kwamba watu wa Morogoro walichangia mchwa tu. Unyonge ni huo, nao tutakuwa tumeutengeneza sisi, kwa fedha na kwa nia njema.

Yako pia malalamiko juu ya mlio. Husemwa kwamba transfoma ya mkono haitoi mlio ule wa Uingereza. Naam, hautoi. Sauti za chini kabisa zimepungua kidogo, na za kati zimesogea mbele. Mpiga solo wa bendi moja ya mjini alipoalikwa kukijaribu alipiga kwa saa nzima bila kugusa kitufe cha sauti kali, na alipoulizwa alisema tu kwamba gitaa limekaa mahali pake, halikanyagi mwimbaji. Mwenye masikio ya uasilia aweza kununua chombo kipya kinachoundwa leo kwa mfano wa kile cha zamani, akakiweka sebuleni kwake. Hakuna amkatazaye.

Ninalolitaka kwa idara zetu si kubwa. Mwanafunzi anayeandika juu ya nyimbo za dansi atumwe, pamoja na kwenda kusikiliza kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sasa ni sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania, akakae majuma mawili kwa fundi. Aandike anayoyasikia kwa maneno ya fundi mwenyewe: kapasita huvuja, vali huchoka, transfoma huungua, spika huchanika. Achore. Na kila chombo kitakachopita mikononi mwa watu hao kiandikiwe habari zake kwa Kiswahili: kilikuwa na nini, kimetolewa nini, kimetiwa nini, siku gani. Wazee wanaoweza kuutambua mkono wa fundi kwa kuitazama lehemu yake hawakubaki wengi.

Mwenye chombo, baada ya mabishano ya miezi, alizikataa fedha za yule mfadhili, akalipa mwenyewe kidogo kidogo. Kitambaa cha mbele kimebaki na mshono wake wa uzi wa gunia. Swichi ya kuchagulia volti imewekwa kwenye kiwango cha juu, kwa kuwa umeme wa mtaa ule una tabia ya kupanda usiku wa manane, na vali hazipendi kupashwa zaidi ya volti 6.3 zilizoandikiwa. Daftari, lenye kurasa kumi na nne, pamoja na ile bahasha, vimefungwa nyuma ya kasha mbali na joto la vali, upande wa spika ya kushoto.